Nyumba ya Nyuma ya Duka

Nilizaliwa milimani kwetu Masisi, upande wa Kibabi, katika familia ya ng'ombe na maziwa. Naanza na hilo ili nieleweke: mimi si mtu wa kuogopa mavi. Tangu utoto wangu nilizoa samadi kila asubuhi kwa mikono yangu, nikanawa kwa maji ya baridi ya kijito, kisha nikanywa maziwa bila kufikiri chochote. Mavi ya ng'ombe yananuka majani, na mtu hupumua karibu nayo bila shida. Lakini uchafu nilioukuta Walikale, katika miaka ile ya hamsini, ulikuwa wa aina nyingine. Hata sasa, nikipita mahali penye harufu inayofanana na ile, mate yananijaa mdomoni na sina budi kutema.

Mume wangu alikuwa seremala. Alikuja kwetu Masisi kutengeneza paa la kanisa, akakaa muda wa kutosha kuniona na kuniposa, tukafunga ndoa. Kisha serikali ikampeleka Walikale kufanya kazi katika karakana yake. Tuliteremka kwa kamyo, lori la mizigo, mimi nimekaa juu ya magunia ya maharagwe, tukiacha baridi ya milima na kuingia joto la msitu, ambako nguo hazikauki na mkate unaota ukungu kabla hujaumaliza.

Nyumba za kambi ya wafanyakazi zilikuwa zimejaa. Mkubwa wa karakana alimwambia mume wangu kwamba kuna mtu mmoja ana vyumba, amtafute dukani kwake. Mtu huyo alikuwa mwenyeji wa kulekule. Zamani alikuwa kapita, msimamizi wa wafanyakazi kwenye machimbo, na sasa alikuwa mfanyabiashara. Duka lake lilitazama barabara. Aliuza chumvi, sabuni na vitambaa, na alinunua mpunga na mafuta ya mawese kutoka vijijini. Watu wote walimwita Patro. Alikuwa mnene, anapaka manukato kichwani, na Jumapili alikaa benchi la kwanza kanisani.

Nyuma ya duka alikuwa amejenga nyumba ndefu ya matofali ya udongo, vyumba vinne kwa mstari mmoja, kila chumba na mlango wake. Siku aliyotuonyesha, ukuta wa mbele ulikuwa umepakwa chokaa mpya. Yeye hakuingia ndani. Alibaki uwanjani, mahali upepo unapotoka, leso ameikunja mkononi, akatuelekeza kwa kidole. Nilisikia harufu kabla sijafika mlangoni, nikamuuliza mume wangu kwa sauti ya chini ni nini. Patro alisikia, akasema ni mihogo ya majirani iliyolowekwa, kwamba watu wa msituni njo vile banakulaka, ndivyo wanavyokula.

"Mutazobelea, Mama," akaniambia, yaani tutazoea. "Kila muntu anazobelea."

Nilikuwa mgeni, sikujua mihogo iliyolowekwa inanukaje. Nilimwamini, na tukaingiza kitanda chetu.

Ukweli niliujua jioni ileile, nilipouliza choo kiko wapi. Jirani yangu wa mlango wa pili, mama mmoja tuliyemwita Mama Mapasa kwa sababu alikuwa amezaa mapacha, alinishika mkono akanipeleka nyuma. Nitakieleza mara moja tu. Kilikuwa kibanda cha majani kilichoinamia upande, juu ya shimo lililojaa tangu zamani. Mbao za kukanyagia zilikuwa laini kama ndizi iliyooza. Kila mvua iliponyesha, na Walikale mvua hainyeshi kwa kupumzika, maji yaliingia shimoni, na vilivyokuwa shimoni vikapanda, vikatoka, vikateremka polepole kufuata mteremko, kuelekea nyumba yetu. Ardhi yote ya nyuma ilikuwa nyeusi na yenye kuteleza. Mama Mapasa aliniambia nivue viatu nisije nikavipoteza humo.

Asubuhi, kabla ya kuwasha moto, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kufagia funza. Walikuwa weupe, wanene, na walipanda kutoka nyuma wakipita chini ya mlango kutafuta mahali pakavu. Niliwamwagia majivu, nikawafagia, nikanawa, kisha ndipo nikaweka sufuria jikoni. Kuku wa Mama Mapasa walikuwa wanawangojea pale nje. Siku moja, kwa upendo tu, aliniletea mayai. Niliyapokea kwa mikono miwili, nikashukuru, na alipoondoka nikayatazama muda mrefu. Sikuweza kuyapika. Tangu hapo mpaka tulipohama, mimi sikula yai wala kuku.

Tulikuwa familia tatu. Chumba cha kwanza alikaa mwalimu mmoja kijana, ambaye hajaoa bado, mtu wa sauti ndogo na mashati safi. Chumba cha pili alikaa Mama Mapasa na mume wake, aliyekuwa mpishi kwa Mzungu mmoja. Cha tatu tulikuwa sisi. Cha nne, cha mwisho, kilichokuwa karibu kabisa na kile choo, hakikuwa na mtu. Ukuta wake wa nyuma ulikuwa na unyevu kutoka chini mpaka usawa wa kiuno, na ukiuwekea mkono unarudi na kitu kinachonata.

Wanaume wetu walikwenda kumwona Patro. Walirudi wakivuta sigara alizowapa, wakasema amekubali, atatuma watu wa kuchimba shimo jipya juma yenye kuya. Juma ikaja, ikapita. Wakaenda tena, wakarudi na sigara nyingine na juma nyingine. Nilimwambia mume wangu kwamba anatulipa moshi. Alicheka, lakini hakucheka sana.

Basi tukaenda sisi wanawake. Tulichagua saa ambayo duka lina watu, tukidhani mbele za watu ataona haya. Mama Mapasa alimwambia kwa heshima kwamba mapacha wake wanaharisha bila kupona, na kwamba uchafu unaingia mpaka mahali pa kulala. Mimi nikaongeza habari ya funza. Patro aliendelea kupima kitambaa kwa fimbo yake. Alipomaliza akanitazama, akasema kwa sauti ya kusikika na wote:

"Mama, kule kwenu ku milima munalalaka na ngombe ndani ya nyumba. Leo weye njo unasikia harufu?"

Watu wakacheka. Mtu aliyekuwa ananunua chumvi akacheka kuliko wote, na mimi nilijua kwamba mkewe huja kuomba majivu kwetu, ya kuwamwagia funza wa kwao. Tulirudi nyumbani. Mama Mapasa alilia njiani. Mimi sikulia. Nilikuwa naona tu ile leso yake nyeupe mfukoni mwa shati, imekunjwa vizuri.

Kulikuwa na Mzungu wa usafi aliyepita mara kwa mara kukagua nyumba za centre, mtaa wetu wa wafanyakazi. Tulimtegemea sana. Lakini Patro alijua siku zake kabla ya mtu yeyote. Siku iliyotangulia, vijana wa duka walipaka chokaa ukuta wa mbele, wakamwaga mchanga uwanjani, na kibanda cha choo wakakizungushia makuti mabichi. Mzungu akaja, akanywa kahawa dukani, akatoka na Patro mpaka pembe ya nyumba. Hapo harufu ilimpiga, akasimama. Mume wa Mama Mapasa, aliyejua maneno ya Kifaransa kidogo, alijaribu kusogea kumweleza. Patro alikuwa mwepesi zaidi. Alisema jambo, akatuonyesha kwa kidevu. Yule Mzungu akatugeukia sisi wanawake akatukaripia: kwamba sisi ni wachafu, kwamba tunapewa nyumba nzuri ya matofali na kuifanya zizi, tukamate mafagio mara moja. Tukafagia mbele yake, mgongo umeinama, mchanga ule safi uliomwagwa jana. Patro alisimama kando yake akitikisa kichwa kwa masikitiko.

Nimewachukia watu wachache maishani. Siku ile sikumchukia yule Mzungu, yeye hakujua tu mambo ya mahali pale. Patro ndiye aliyenitia kichefuchefu, zaidi ya shimo lake.

Kisha mama yake akaja.

Alikuwa mwanamke mzee kutoka kijiji cha ndani msituni. Mume wake alikuwa amekufa, nyumba yake imeanguka, na ndugu wa mume hawakumtaka tena. Aliletwa na mpwa wake, akitembea kwa fimbo, mzigo wake mdogo kichwani. Tulimwona akiingia mlango wa nyumba kubwa ya Patro, ile yenye baraza la saruji, tukafurahi kwa ajili yake. Haikufika jioni akatoka kwa mlango wa nyuma, kijana wa duka ametangulia na mkeka. Mke wa Patro hakutaka kukaa na mkwe wake. Patro alikuwa amempangia mama yake mzazi chumba cha nne.

Tulisimama milangoni tukitazamana. Mwalimu alikuwa wa kwanza kusema, akauliza kama kweli ni mama yake aliyemzaa. Kijana wa duka alisema ndiyo, akainamisha macho, akaenda zake.

Tulimwita Koko, kama mtu anavyomwita nyanya wa kila mtu. Alikuwa msafi kuliko sisi sote. Alioga kabla ya jua, alipangusa kibuyu chake cha maji kila siku, na ufagio wake aliuning'iniza ukutani usiguse chini. Asubuhi yake ya kwanza alikwenda nyuma kama kila mtu. Alirudi haraka kuliko miguu yake ilivyoweza, akakaa kizingitini, akatapika mpaka hakuna tena cha kutoka. Mama Mapasa alimletea maji. Koko alisukutua mdomo, akauliza ile nyumba ni ya nani. Nafikiri alikuwa anajua, ila alitaka mtu mwingine aseme.

"Iko ya mutoto wako, Koko," Mama Mapasa akamjibu.

Kuanzia siku ile Koko hakurudi tena nyuma. Alichukua jembe langu na fimbo yake, akaingia msituni, mbali, akachimba na kufukia kama alivyofundishwa utotoni. Mara nyingi nilikwenda naye, kwa kuwa njia ilikuwa na utelezi. Njiani alinisimulia jinsi alivyolea watoto wake, jinsi huyu wa duka alivyokuwa mgonjwa mgonjwa, na jinsi alivyombeba mgongoni mpaka kwa mganga upande ule wa mto Lowa, akivuka maji mpaka kifuani. Hakulalamika. Alisimulia tu, akipumzika mara kwa mara akishikilia miti.

Mvua kubwa zikaja. Siku moja, mchana, tukiwa jikoni tumejibanza chini ya paa, tulisikia kishindo kizito na laini, kama gunia la mpunga likianguka matopeni. Ukuta wa nyuma wa chumba cha nne ulikuwa umekatika chini. Koko alikuwa kwetu, anaota moto, na hilo lilimwokoa. Tulipofungua mlango wake, vitu vya shimoni vilikuwa vimeingia na kujaza chumba mpaka kwenye miguu ya kitanda. Mkeka ulikuwa unaelea. Panya wawili walikuwa wamepanda juu ya mzigo wake, na mzigo nao ulikuwa unazama.

Mume wangu alikunja suruali mpaka magotini akaingia kuuvuta. Ndani ya mzigo huo kulikuwa na nguo nyeupe, pana, iliyokunjwa. Koko alikuwa ameitunza miaka mingi, aliinunua kwa karanga zake mwenyewe, ili siku ya kufa azikwe nayo. Sasa ilikuwa ya rangi ambayo sitaitaja.

Tuliifua, mimi na Mama Mapasa, mtoni, kwa sabuni, kwa majivu, kwa sabuni tena. Weupe ulirudi kiasi. Harufu haikutoka. Tuliianika juani siku ambayo jua lilikubali kutoka, tukaisogeza puani, tukaiweka chini. Koko alikuwa anatutazama. Hakungoja tumweleze. Aliichukua, akaikunja tena vizuri kwenye mikunjo yake ya zamani, akashika fimbo, akaenda dukani. Sisi tukamfuata.

Ilikuwa siku ya soko, duka limejaa. Watu walimpisha kwa sababu ya uzee wake. Alifika mezani pa kuuzia, akaiweka ile nguo juu ya meza, kati ya mizani na chumvi, mbele ya mwanawe.

"Hii njo nguo nilichunga ili munizike nayo," akamwambia. "Inama usikie harufu yake."

Hakupaza sauti. Waliokuwa karibu na meza walirudi nyuma, mmoja akafunika pua kwa kiganja. Mimi nilimtazama Patro usoni, kwa kuwa nilitaka kuiona aibu yake. Nilikuwa na njaa ya kuiona. Alichokifanya ni hiki: alitoa leso, akaiweka puani, na kwa mkono mwingine akachukua ile fimbo ya kupimia vitambaa, akaisukuma nguo ya mama yake mpaka ikaanguka chini upande wetu. Kisha akamwambia kijana apanguse meza.

Koko hakuweza kuinama. Niliiokota mimi.

Siku ile watu walisema sana sokoni, na maneno yakafika kanisani, kwa hiyo kabla ya Jumapili Patro alimhamisha mama yake kwenye nyumba kubwa. Wengine walimsifu. Katekista mwenyewe alisema ni jambo la Kikristo. Ukuta ulioanguka aliuziba kwa makuti na udongo. Choo hakukigusa. Aliyaziba maneno ya watu, yakanyamaza, na sisi tukabaki na shimo letu kama mwanzo.

Ndipo mume wangu alisema tuache kuomba. Tuchimbe wenyewe. Mwalimu alikubali, mume wa Mama Mapasa akakubali baada ya kusitasita, kwa kuwa Mzungu wake alikuwa rafiki wa Patro. Tulichagua mahali upande wa juu, mbali na nyumba, udongo mgumu. Wanaume walichimba baada ya kazi, mwalimu akivua shati lake na kulitundika mtini, na sisi wanawake tukavuta udongo kwa vikapu na kuurundika kando. Lilikuwa shimo zuri, refu kuliko mtu aliyesimama juu ya mtu. Mume wangu alipanga miti juu yake, akaweka sakafu ya mbao ngumu, akajenga kibanda cha mabanzi, na mwisho akatengeneza mlango. Mlango ule aliupiga randa kana kwamba ni wa nyumba ya bwana harusi. Aliufunga kwa bawaba alizozitoa katika sanduku lake mwenyewe.

Patro alituona tukifanya kazi. Alipita, akasimama, akasema tunafanya vizuri.

Shimo la zamani tulilimwagia majivu na udongo mpaka likanyamaza. Kwa muda mfupi tuliishi kama watu. Nilifungua dirisha. Mapacha walitambaa nje bila mama yao kupiga kelele. Nakumbuka nilipika maharagwe ya kwetu, nikayala nikiwa nimekaa uwanjani, na nilisikia harufu ya maharagwe tu.

Kisha asubuhi moja Mama Mapasa alirudi kutoka juu akasema mlango haufunguki. Nilikwenda kuangalia. Kulikuwa na kufuli.

Mume wangu alikwenda dukani. Patro alimweleza bila hasira, kama mtu anayeeleza jambo lililo wazi, kwamba choo kile kimejengwa juu ya kiwanja chake, na kwamba kwa muda mrefu alikuwa anahitaji choo cha heshima kwa wateja wake na kwa Wazungu wanaosimama hapo wakielekea Bukavu. Sisi tuendelee na kile cha zamani.

"Ile ingine ingali inafanya," akasema. "Munaizobelea."

Mume wangu aliniambia maneno hayo akiwa amekaa kitandani, mikono imelegea kati ya magoti. Jioni wanaume walikaa wakazungumza. Mwalimu alitaka kwenda kwa administrateur, Mzungu mkuu wa eneo lile. Mume wa Mama Mapasa aliogopa kufukuzwa kazi. Wakazunguka, wakarudi palepale, mmoja akasema labda tumwombe Patro ufunguo mmoja, tuwe tunaazimana. Kusema kweli, kusikia hilo neno la kuazimana kulinichefua kama yale mayai. Mtu anafungiwa nje ya shimo alilolichimba kwa mikono yake, na anafikiria jinsi ya kuomba ufunguo kwa adabu.

Mama Mapasa ndiye aliyetutoa hapo. Alikuwa anamnyonyesha mmoja wa mapacha.

"Kiwanja njo yake," akasema. "Ile udongo, tulitosha siye mu shimo. Tuirudishe."

Hakuna aliyecheka. Mume wangu aliinua kichwa.

Tulifanya mchana, wazi, tukitaka tuonekane. Rundo la udongo lilikuwa bado lipo kando, limeota majani kidogo. Mume wangu alifungua bawaba zake kwa bisibisi, akaunyanyua mlango pamoja na kufuli lake ukiwa umefungwa, akauegemeza mtini. Mwalimu na mume wa Mama Mapasa walitoa mbao za sakafu. Ndiyo, hata yeye alikuja. Sisi tukaanza kujaza vikapu na kumwaga.

Kijana wa duka alikimbia kumwita Patro. Alikuja na wateja nyuma yake, amesahau leso, mdomo wazi. Alisema tutafungwa, alisema sisi ni wezi. Mume wangu alimjibu kwamba kila kitu tulichokuja nacho tunaondoka nacho, na kila kitu cha Patro tunamwachia mahali pake. Akaendelea kubeba.

Wakati huo niliona Koko akija kutoka nyumba kubwa, polepole, na fimbo yake. Patro alimwambia arudi ndani. Koko aliendelea kuja. Alifika kwenye rundo, akaweka fimbo chini, akateka udongo kwa viganja viwili, akaenda mpaka ukingoni, akaumwaga shimoni. Akarudi akateka tena. Patro alisimama akimtazama mama yake akienda na kurudi mbele ya wateja wake wote. Uso wake ulikuwa unang'aa kwa jasho, na bado sikuiona aibu humo. Niliona mtu anayehesabu ni wangapi wanaomwona. Kisha aligeuka akarudi dukani, na wateja wengi hawakumfuata.

Alitufukuza siku ya pili yake, lakini vitu vyetu vilikuwa tayari vimefungwa. Mwalimu alikuwa amekwisha kuzungumza na kapita wa sité, msimamizi wa mtaa wa wenyeji, aliyetupa viwanja ng'ambo ya kijito, ukingoni mwa msitu, mahali ambapo hakuna aliyetaka kwa sababu ya visiki. Tulianza chini ya vibanda vya majani. Mvua ilitunyeshea, siafu walituingilia, na mimi nilikuwa na furaha ambayo hata mume wangu hakuielewa. Nilikuwa naamka, navuta pumzi kwa pua yote, naiachia.

Nyumba ya nyuma ya duka haikukaa muda mrefu bila watu. Alipaka chokaa, akawapata wengine, watu wa kazi ya barabara waliotoka mbali. Nilimkuta mmoja wa wanawake wao mtoni, nikamweleza yote, choo, ukuta, funza. Alinisikiliza akiendelea kufua. Aliniambia kwamba waliambiwa ni mihogo, kwamba yeye hadhani ni mihogo, lakini wataenda wapi. Miguu ya mtoto wake ilikuwa na vidonda vile vya matope ya nyuma, nilivyovijua. Nilimpa sabuni yangu iliyobaki. Sikuwa na kitu kingine.

Baadaye, tulipokuwa tumekwisha kupata watoto, Patro alikuja kwetu, mume wangu akiwa anapiga randa chini ya mti. Alisalimia kama hakujatokea kitu baina yetu. Alitazama uwanja wetu, akausifu usafi wake, akasema anataka kitanda kwa ajili ya mama yake. Nilidhani mume wangu atamkatalia. Alikubali, akasema ni kwa ajili ya Koko. Kilipokwisha tukakipeleka pamoja, tukaingia kwa nyuma, na hapo nikaona mahali alipokuwa analala ndani ya ile nyumba kubwa yenye baraza la saruji. Ilikuwa ghala. Mapipa ya mafuta ya mawese mpaka darini, sakafu nyekundu na inayonata, mavi ya panya kwenye mpunga uliomwagika, na katikati, kwenye nafasi ya upana wa mtu mmoja, mkeka. Yeye alikuwa amekaa juu yake, ameoga, ufagio wake umening'inia ukutani.

Hatukukiweka kile kitanda chini. Mume wangu alinitazama, nikamwelewa. Nilimwambia Koko kwamba nyumba yetu ni ndogo, ya udongo, na ina watoto, lakini ina nafasi. Aliomba nimsaidie kusimama.

Tulipita dukani naye, mume wangu amebeba kitanda kichwani, mimi nimebeba mzigo. Patro alikuwa anapima mpunga. Alituona. Aliangalia kitanda, akaangalia mama yake, akaendelea kupima. Hakuuliza tunampeleka wapi, siku ile wala siku nyingine yoyote.

Koko alikaa nasi miaka yake iliyobaki. Alimfundisha binti yangu wa kwanza kusuka vikapu, na alikuwa na desturi ya kufagia uwanja kabla yangu, hata nilipomkataza. Tulimzika sisi, katika nguo nyeupe mpya, na Mama Mapasa, na mwalimu ambaye wakati huo alikuwa ameoa. Baadaye mume wangu alipata kazi Hombo, tukahama, na nyumba ile ya ng'ambo ya kijito tukamwachia mwalimu na mkewe.